Jina la Kilatini kwenye muziki wa gemu: namna ya kulitafsiri kwa Kiswahili pale linapobeba maana mbili au tatu

Kwaya inataka kuimba muziki wa gemu, na kila kipande kipate jina la Kiswahili kwenye programu ya tamasha. Kijana anayerusha gemu mtandaoni akiwa Sinza anataka jina la wimbo lionekane chini ya picha. Mshereheshaji anauliza atangaze nini. Kazi inayoletwa ni ileile: maneno mawili ya Kilatini, na anayeyaleta anadhani ni ya dakika tano. Tenga saa mbili. Ya kwanza ni ya Kilatini, ya pili ni ya Kiswahili, na hiyo ya pili ndiyo ngumu.

Kabla ya kuanza, weka sharti moja: usipitie Kiingereza. Kiingereza kinadai kijineno cha kuonyesha kama kitu ni mahususi au ni chochote tu. Kilatini hakina, Kiswahili hakina. Kiingereza hakipatanishi kivumishi na nomino. Kilatini kinapatanisha, na sisi tunapatanisha kuliko hata Kilatini. Ukipita Kiingereza unafunga milango ambayo lugha zote mbili zinaiacha wazi, halafu unahangaika kuifungua tena.

Vifaa ni vichache. Kwa Kilatini tumia kamusi ya Lewis na Short ya mwaka 1879, ambayo inasomwa bure mtandaoni kupitia Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts au Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago. Ongeza programu ya kompyuta iitwayo Whitaker's Words: unaiandikia umbo lolote la neno, nayo inakutolea mashina yote ambayo umbo hilo linaweza kutoka. Maelezo ya vifaa hivi yameandikwa kwa Kiingereza, basi soma maelezo lakini usichukue neno lao. Kwa Kiswahili weka mezani Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (siku hizi TATAKI, pale Mlimani) na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA. Na daftari la mistari lenye safu nne.

Mfano wa kufanyia kazi ni *Magna Insomnia*, muziki wa Yoko Shimomura katika Final Fantasy XV, gemu iliyotoka Novemba 2016. Tumeuchagua kwa sababu maneno yake mawili yanakusanya karibu kila mtego wa kazi hii.

Hatua ya 1: Kusanya kabla ya kufungua kamusi

Nakili jina kama lilivyo kwenye albamu rasmi, herufi kwa herufi. Majina ya nyimbo za gemu huandikwa bila alama za irabu ndefu, na mara nyingi kwa herufi kubwa kila neno. Mambo hayo mawili ndiyo yanayozaa utata mwingi. Irabu ndefu ingekuonyesha umbo la neno; herufi ndogo ingekuonyesha kama neno ni jina la mtu au ni nomino ya kawaida.

Kisha andika mambo matatu: muziki unapigwa wapi kwenye gemu, una mashairi au hauna, na majina yote ya watu, miji na falme za gemu hiyo. Hili la mwisho watu huliruka, na ndilo linalowaangusha. Katika Final Fantasy XV mwanamfalme anaitwa Noctis Lucis Caelum, ufalme wake ni Lucis, na mji wake mkuu ni Insomnia. Yote ni maneno ya Kilatini yenye maana zake. Mtafsiri asiyecheza gemu atatafsiri jiji akidhani ni ugonjwa.

Hatua ya 2: Toa kila umbo la kila neno

Safu ya kwanza ya daftari ni neno, ya pili ni shina lake, ya tatu ni umbo (umoja au uwingi, kiima au yambwa na kadhalika), ya nne ni maana kwa Kiswahili. Jaza yote, hata yale unayoona hayawezekani. Kufuta baadaye ni kazi ndogo kuliko kukumbuka ulichokiruka.

*Magna* ni kivumishi, "kubwa" au "kuu". Umbo hili linaweza kuwa la umoja wa jinsia ya kike, au la uwingi wa jinsia ya kati (Kilatini hugawa nomino kwa jinsia tatu, kike, kiume na kati, kama sisi tunavyozigawa kwa ngeli). Kwa nje yanafanana kabisa.

*Insomnia* ni neno moja kwa macho, mawili kwa kamusi. Kuna *insomnia* ya jinsia ya kike, umoja, maana yake kukosa usingizi. Na kuna *insomnium* ya jinsia ya kati, maana yake ndoto, ambayo uwingi wake ni *insomnia*. Kwa hiyo neno lilelile linaweza kumaanisha kwamba mtu halali, au kwamba amelala na anaota. Wanaopitia Kiingereza hawaijui hii ya pili, kwa sababu Kiingereza kilichukua ya kwanza tu.

Utata huu ni wa zamani sana. Katika kitabu cha nne cha *Aeneis*, utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, mstari wa 9, malkia Dido analalamika kuhusu *insomnia* zinazomtisha, na kitenzi kiko katika uwingi, *terrent*, kwa hiyo ni ndoto. Lakini wapo waliosoma *terret*, umoja, na maana ikageuka kuwa kukosa usingizi. Servius, mfafanuzi wa kale wa Virgil, aliona haja ya kulizungumzia. Herufi moja ya kitenzi ndiyo iliyoamua. Jina la wimbo halina kitenzi, basi hakuna wa kuamua isipokuwa mazingira.

Hatua ya 3: Oanisha, kisha futa

Kivumishi cha Kilatini hupatana na nomino yake kama vile "-kubwa" inavyokuwa "mkubwa" kwa mti na "kubwa" kwa nyumba. Pitisha maumbo ya safu ya tatu mawili mawili, ubakize yanayopatana tu. Kwa mfano wetu hubaki haya:

A. Kukosa usingizi kukubwa (umoja, kike, pamoja na kike).
B. Ndoto kuu, nyingi (uwingi, kati, pamoja na kati).
C. Insomnia Kuu, yaani jiji lenyewe.
D. "Katika kukosa usingizi kukubwa" au "kwa kukosa usingizi kukubwa", kama *a* za mwishoni ni ndefu.

D ifute: jina likitaka kusema "katika" kwa kawaida huweka kihusishi wazi, kama *in*. C usiifute haraka. *Magna* huambatana na majina ya mahali kwa Kilatini: Leptis Magna ni mji wa kale ulioko Libya, na Magna Graecia ni makoloni ya Wagiriki kusini mwa Italia. Mpangilio wa maneno hautakusaidia, maana Kilatini kinaruhusu kivumishi kitangulie au kifuate.

Kosa la kawaida hapa ni kuamini mwisho wa neno peke yake. Kilatini kina *poeta* na *agricola*, yenye mwisho wa "kike" lakini ni ya kiume. Sisi tunalijua jambo hili kutoka nyumbani. *Baba Yetu* ya Christopher Tin, muziki wa Civilization IV (2005) ulioshinda Grammy mwaka 2011, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mgeni akiiona "yetu" anaweza kudhani kwamba baba ni wa ngeli moja na nyumba. Siyo. Maneno ya undugu kama baba na mama huchukua "yetu" huku kitenzi kikibaki "baba amekuja". Umbo linaonyesha njia, lakini kamusi ndiyo inayothibitisha.

Hatua ya 4: Peleka kwenye gemu

*Magna Insomnia* inapigwa kwenye pambano la mwisho dhidi ya Ardyn, adui mkuu wa gemu, ndani ya jiji la Insomnia, baada ya dunia kukaa gizani miaka 10. Hiyo inazipa nguvu A na C. Lakini miaka hiyo 10 Noctis mwenyewe alikuwa usingizini, basi B nayo haitoki. Zote tatu ziko hai, na usijilazimishe kuua mbili ili upate moja. Anzia hapo kutafuta Kiswahili.

Kama tafsiri itasomwa na ambao hawajamaliza gemu, ushahidi wa hatua hii ubaki kwenye daftari lako. Usiwamwagie watu mwisho wa hadithi kwenye karatasi ya programu.

Muziki wenye mashairi ni rahisi zaidi, kwa sababu mashairi yana vitenzi. Angalia pia kama yameazimwa kwingine. Mashairi ya "One-Winged Angel" ya Final Fantasy VII, kwa mfano, yametoka *Carmina Burana*, mashairi ya enzi za kati, na maana zake zinafafanuliwa vizuri kule yalikotoka kuliko kwenye gemu.

Hatua ya 5: Kiswahili

Pima kila neno kwa sikio la msomaji wa Dar, siyo kwa kamusi peke yake.

"Kukosa Usingizi Kukubwa" ni sahihi na haifai. Inasikika kama maelezo ya mgonjwa kwa daktari. Wengine hukimbilia "Mkesha Mkuu", na kwa kweli ni maneno mazuri, ila msikilizaji ataona mishumaa ya Pasaka. "Kesha" nayo imeshachukuliwa na maombi ya usiku kucha. Andika "Kesha Kuu" ukumbini, watu watauliza mhubiri ni nani. Zaidi ya hayo, mkesha ni wa hiari. *Insomnia* hailetwi na hiari ya mtu.

Kwa upande wa ndoto, "Ndoto Kubwa" iepuke kabisa. Siku hizi kuwa na ndoto kubwa ni kuwa na malengo, na jina litafanana na semina ya ujasiriamali. "Jinamizi Kuu" inafunga maana kwenye hofu, jambo ambalo Kilatini hakikusema. Lililo bora ni "Njozi Kuu". Njozi ni neno la washairi, na "kuu" ina heshima ambayo "kubwa" haina. Faida kubwa ni ya kisarufi: njozi iko ngeli ya I-ZI, ambapo umoja na uwingi havitofautiani. "Njozi Kuu" inaweza kuwa moja au mia, kama *insomnia* ilivyo. Ngeli hii itafute kila unapokuta Kilatini ambacho hakionyeshi idadi.

Lakini Njozi Kuu inaliacha jiji nje. Kulipata jiji na kukosa usingizi kwa pamoja, tumia ngeli ya mahali. Tunasema chumba hakilaliki kwa mbu, au leo hapalaliki kwa muziki wa jirani. Kauli hiyo ya kutendeka inabeba kukosa usingizi bila kumtaja asiyelala, na ngeli ya PA inabeba jiji bila kulitaja jiji. Matokeo ni "Pakuu Pasipolalika". *Magna* iko ndani ya "pakuu", mahali pamo, hali imo, na p zinazojirudia zinalipa jina mdundo ambao mshereheshaji ataufurahia.

Ya kuchagua ni ipi? Kwa msikilizaji anayeijua gemu, Pakuu Pasipolalika, bila shaka. Kwa msikilizaji wa muziki tu, asiyejua kuna jiji, Njozi Kuu inasimama vizuri zaidi peke yake.

Neno linapokuwa la umiliki

*Apocalypsis Noctis* iko kwenye gemu hiyohiyo na ni rahisi ukishajua jambo moja: maneno ya Kilatini kama *noctis* na *lucis* ni umbo la umiliki, kazi yake ni ile ya -a unganifu. *Nox* ni usiku, *noctis* ni "wa usiku". Jina lote la mwanamfalme, *Noctis Lucis Caelum*, linasomeka "anga ya nuru ya usiku". Basi wimbo ni ufunuo wa usiku, au ufunuo wa Noctis mwenyewe.

*Apocalypsis* usiitafsiri "mwisho wa dunia" wala "kiyama". Asili yake ni Kigiriki, kufunua kilichofunikwa, na Biblia ya Kilatini inaita kitabu chake cha mwisho *Apocalypsis Ioannis*, ambacho kwetu ni Ufunuo wa Yohana. Muundo ni uleule, basi "Ufunuo wa Noctis" ndiyo tafsiri, na anayeujua ule wa Yohana atasikia mwangwi wake mara moja.

Hapa Kiswahili kinakupa zawadi nyingine. "Hofu ya simba" ni hofu anayoisikia simba, au anayoitia? "Upendo wa mama" unatoka kwa mama au unamwendea? -a unganifu haisemi, na umbo la umiliki la Kilatini nalo halisemi. Anayefunua na anayefunuliwa wanabaki ndani ya jina moja. Usiongeze "kuhusu" wala "uliotolewa na". Iache.

Kinachopotea ni usiku wenyewe, kwa sababu lazima uchague kati ya Noctis na usiku. Weka mmoja kwenye jina na mwingine kwenye maelezo.

Kama siyo Kilatini kamili

*Liberi Fatali* ya Nobuo Uematsu, iliyofungua Final Fantasy VIII mwaka 1999, itakusumbua kwenye hatua ya 3. *Liberi* ni watoto, uwingi. Inaweza pia kuwa "huru", kwa kuwa maneno hayo ni ndugu. Ila isichanganywe na *liber* ya kitabu, ambayo uwingi wake ni *libri*. *Fatali* ndiyo tatizo. Kivumishi ni *fatalis*, na kikifuatana na watoto wengi kingekuwa *fatales*. *Fatali* kwa Kilatini ni umoja, wa "kwa" au "katika". Haipatani na *liberi* hata uigeuze vipi.

Ukifika hapo, jaribu Kiitaliano. Uwingi wa vivumishi vya aina hii kwa Kiitaliano huishia -i, na *fatali* inakaa sawa. Watunzi wa muziki wa gemu huchanganya Kilatini na lugha zilizozaliwa nacho, na kazi yako siyo kuwasahihisha bali kusoma walichokusudia. Mashairi yanamaliza ubishi: yanawaambia *liberi mei* waamke usingizini, na *mei* ni "wangu", uwingi. Ni watoto, na ni wanangu.

*Fatalis* ni -a kuamuliwa tangu awali. Ukipitia Kiingereza utaangukia "-a kuua", na watoto watageuka wauaji. "Watoto wa Ajali" ni kosa la aina nyingine: ajali zamani ilikuwa siku ya mtu iliyopangwa, lakini leo ni gari na bodaboda. "Watoto wa Majaliwa" ni sahihi, ila Majaliwa ni jina la watu, na kwa herufi kubwa msomaji atadhani ni watoto wa mzee fulani, mtego uleule wa Noctis. Lugha yetu ina kitenzi cha jambo hili: mtu ameandikiwa. "Wana Walioandikiwa" inatosha.

Katika wimbo huohuo kuna maneno *Fithos Lusec Wecos Vinosec*. Usipoteze hata dakika kwenye kamusi. Ni herufi zilizopanguliwa za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfuatano wa wachawi, na mapenzi. Maneno ya namna hii huachwa kama yalivyo.

Kumuuliza anayejua

Dar ina watu waliosoma Kilatini, wengi kupitia seminari, ikiwemo Seminari Kuu ya Segerea. Ukimuuliza mmoja wao, kumbuka Kilatini cha kanisa kimehamisha maana kadhaa. *Salus* kwake itakuja kwanza kama wokovu, wakati ni afya na usalama pia. *Virtus* itakuwa fadhila, wakati kwa Warumi wa kale ilikuwa ushujaa, jambo linalofaa zaidi kwa muziki wa vita. Muulize swali lenye maumbo, "hii inaweza kuwa uwingi?", kuliko kumuuliza "hii maana yake nini?". La pili litakupa jibu moja tu.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha panga kwenye karatasi

Wasomee watu watatu kwa sauti: mmoja amecheza gemu, mmoja anaimba kwaya, mmoja hana habari na vyote viwili. Usiwaulize kama ni zuri. Waulize wanaona nini kichwani. Wawili wakiona kitu ambacho hakimo kwenye safu yako ya nne, rudi hatua ya 5.

Kwenye programu, Kilatini kitangulie kwa herufi za mlazo, Kiswahili kifuate, kisha maelezo yasiyozidi maneno 25. Hivi:

*Magna Insomnia*: Pakuu Pasipolalika. Insomnia ni jiji ndani ya gemu. Kwa Kilatini neno lenyewe ni kukosa usingizi, na pia ni ndoto.

Kwenye skrini ya video nafasi haitoshi. Weka Kiswahili peke yake chini ya picha na Kilatini kwenye maelezo ya video.

Mshereheshaji mwandikie matamshi pembeni kwa penseli. Kwa matamshi ya kanisa, ambayo kwaya nyingi huyatumia, *gn* ni "ny" yetu: *magna* ni "manya". *Caelum* ni "chelum". Kwa matamshi ya kale *caelum* ni "kaelum" na *g* ya *magna* inasikika. Ukumbi mmoja utumie mtindo mmoja, kwa hiyo muulize mwalimu wa kwaya kabla ya karatasi kwenda kuchapwa.